Shasha: Kabla ya kuweka sumu, soma kwanza nyayo za mwizi wa kuku

Kuku akipotea usiku katika vijiji vya kando ya ziwa Kivu, hukumu hutolewa kabla jua halijapanda: ni mnyama wa porini, atafutwe, auawe. Mbwa wanaitwa, vijana wanashika fimbo. Wengine wanachanganya dawa ya panya na kipande cha nyama au sambaza chache, wanaiacha nyuma ya nyumba na kwenda kulala. Kati ya wanyama wanaokufa kwa njia hiyo yumo mmoja ambaye kazi yake ya kila usiku ni kuwinda panya, wale wale wanaotoboa magunia ya maharagwe. Anaitwa kicheche.

Makala hii inamhusu yeye na majirani wake wa usiku: jinsi walivyo, jinsi ya kumtambua kila mmoja bila kutoka nje gizani, na jinsi ya kulinda kuku bila kumwaga sumu karibu na watoto. Tumechukua kijiji cha Shasha kuwa mfano, lakini yanayosemwa hapa yanafaa Kirotshe, Bweremana, Minova na popote penye banda la kuku karibu na shamba.

Kuku ni akiba ya nyumba

Shasha iko katika teritwari ya Masisi, mkoa wa Kivu ya Kaskazini, kwenye barabara ya kitaifa nambari 2 kati ya Sake na Minova. Upande mmoja ni maji ya ziwa. Upande mwingine vilima vinapanda kuelekea malisho ya ng'ombe ya Masisi. Katikati kuna migomba, muhogo, mahindi, viazi vitamu na maharagwe.

Mwezi wa Februari 2024 mapigano yalifika hapa. Barabara ya Sake hadi Minova ikakatika na familia nyingi zikakimbia. Mwanzoni mwa mwaka 2025, baada ya vita kufika Goma na kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji huo kuvunjwa, watu wengi wa Masisi walirudi katika vijiji vyao.

Anayerudi baada ya kukimbia hana ng'ombe wala mbuzi wa kuanzia. Anaanza na kuku wawili, watatu. Kuku jike akiatamia mayai yake vizuri, baada ya miezi kadhaa kuna wa kuuza, na pesa hiyo ndiyo daftari za watoto, dawa ya malaria na mbegu ya msimu ujao. Kwa hiyo asubuhi ambapo mama anakuta manyoya yametapakaa mbele ya banda ni asubuhi ya hasara kweli. Anayemwambia mama huyo awahurumie wanyama wa porini, bila kumwambia namna ya kulinda kuku wake, anampotezea muda.

Ndiyo maana tunaanza na swali ambalo mwenye kuku mwenyewe anauliza: nani amefanya hivi?

Kicheche ni nani hasa

Kicheche anayejulikana zaidi Afrika ni mdogo kuliko paka wa nyumbani. Mwili wake, bila mkia, ni kama sentimita 30 na kitu, na uzito wake mara nyingi haufiki kilo moja na nusu. Ni mweusi, mwenye mistari minne myeupe inayoanzia kichwani na kushuka mgongoni hadi kwenye mkia. Usoni ana alama tatu nyeupe: moja kwenye paji, kati ya macho, na nyingine mbili pembeni. Mkia wake una manyoya marefu meupe yaliyosimama. Ukimwona mara moja kwenye mwanga wa pikipiki, huwezi kumsahau.

Pua nayo haitasahau. Chini ya mkia ana vifuko viwili vya majimaji yanayonuka vibaya sana. Akibanwa na mbwa, kwanza anasimamisha manyoya, anainua mkia na kumgeuzia adui mgongo. Mbwa asipoelewa, kicheche anamrushia majimaji hayo. Mbwa aliyerushiwa hujifuta majanini, hukohoa, na hurudi nyumbani akiwa na harufu isiyotoka kwa urahisi. Kicheche anaweza pia kujifanya amekufa mpaka adui aondoke.

Anatembea peke yake usiku. Mchana analala kwenye shimo, kwenye ufa wa mawe au chini ya mizizi. Chakula chake ni panya, mende wa ardhini, mabuu, nzige, mijusi, nyoka na vyura. Mayai na vifaranga anakula pia akivikuta wazi, na hilo halifai kufichwa. Lakini sehemu kubwa ya usiku wake inapita akiinusa ardhi na kuichimba kwa kucha ndefu za miguu ya mbele.

Ana ndugu mwembamba zaidi, ambaye watu wengi hawajawahi kumtazama vizuri. Huyu ana mwili mrefu kama kamba, miguu mifupi sana, utosi mweupe na mistari minne ya rangi nyeupe au ya manjano hafifu mgongoni. Uzito wake ni gramu 200 na kitu hadi karibu 400, yaani wa kawaida ana uzito wa embe moja kubwa. Huyu ni mtaalamu: karibu chakula chake chote ni panya. Umbo lake linamruhusu kuwafuata ndani ya mashimo yao, mahali ambapo paka anaishia kukaa mlangoni na kungoja. Humkamata panya kwa kumuuma shingo, na wakati mwingine huweka akiba shimoni mwake.

Wote wawili hawapendi msitu mzito. Wanapenda nchi ya majani, mashamba, malisho na vichaka. Eneo lao linashuka kutoka Afrika ya Mashariki hadi kusini mwa bara, na linagusa upande huu wa mashariki mwa Congo. Orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini haiwaweki kati ya wanaokaribia kutoweka. Hatari yao ni ile ya kijijini: wanauawa kwa makosa yasiyo yao.

Watuhumiwa wengine

Katika vijiji vingi, kila mnyama mdogo anayekuja usiku huitwa kwa ufupi paka wa porini. Jina hilo moja linaficha wanyama wengi tofauti.

Wa kwanza ni kanu. Ana madoa meusi mwilini na mkia mrefu wenye pete nyeusi na nyeupe. Anapanda miti na kuta kwa urahisi, kwa hiyo kuku anayelala juu ya mti au juu ya boriti hayuko salama kwake. Kanu anaweza kumwua kuku mzima. Ukitafuta mwizi wa usiku, anza na yeye kabla ya kicheche.

Wa pili ni nguchiro. Wapo wa aina nyingi. Wengi hutembea mchana na huchukua vifaranga na mayai. Nguchiro akipata yai gumu kulipasua, hulirusha nyuma kati ya miguu yake mpaka ligonge jiwe. Kwa hiyo ukikuta maganda yamevunjika karibu na mawe, mfikirie yeye. Kando ya maji na kwenye matope kuna nguchiro wa majini, mweusi-mweusi, anayekula kaa, vyura na samaki, na ambaye haoni taabu kupita bandani.

Wa tatu ni fungo. Huyu ni mkubwa kuliko wote tuliowataja, anaweza kufika kilo 10 na zaidi. Ana uso wenye kitambaa cheusi machoni na hutembea chini tu. Ana tabia ya kujisaidia mahali pamoja siku nyingi, hivyo utakuta rundo la mavi lenye mbegu za matunda, manyoya na mabawa ya wadudu.

Halafu kuna mwewe wa mchana, chatu, mbwa wa jirani, paka aliyetoroka nyumbani na, tuseme wazi, mwizi wa miguu miwili. Kuku mzima aliyepotea bila unyoya hata mmoja kuanguka, na mlango wa banda ukiwa umefungwa tena vizuri, hakuchukuliwa na mnyama.

Tusisahau pia adui asiyeonekana. Ugonjwa wa Newcastle, ambao Waswahili wengi huuita mdondo au kideri, unaweza kumaliza karibu kuku wote wa kijiji kwa muda mfupi. Ipo chanjo ya matone ya jicho inayovumilia joto kuliko zile za zamani, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Anayepoteza kuku kumi kwa ugonjwa na mmoja kwa mnyama, halafu akatumia pesa zake zote kununua sumu ya mnyama, amekosea hesabu.

Majivu mbele ya mlango

Wataalamu wa wanyama huweka kamera msituni zinazojipiga zenyewe kitu kikipita. Kijijini hatuna kamera hizo, lakini kila jiko lina majivu.

Jioni, baada ya kuku kuingia, chekecha majivu makavu na uyatandaze mbele ya mlango wa banda na kuzunguka kuta zake, unene wa kidole kidogo, upana wa hatua moja. Yasawazishe kwa kipande cha ubao. Asubuhi, kabla watoto na kuku hawajakanyaga, inama na usome.

Alama ya paka ni ya mviringo, vidole vinne, bila kucha, kwa sababu anazificha anapotembea. Mbwa ana vidole vinne pia, lakini kucha zake zinaonekana. Nguchiro na kicheche wana vidole vitano. Kwa kicheche, alama za kucha za mbele ziko mbali na vidole kama vitobo vilivyochomwa kwa sindano, kwa sababu kucha zake ni ndefu za kuchimbia. Ukiona vishimo vidogo vidogo vya kuchimbua mende karibu na hapo, na harufu kali imebaki hewani, umepata jibu.

Kama una telefoni yenye kamera, weka kiberiti au sarafu pembeni ya alama ili ukubwa wake uonekane, kisha piga picha. Andika tarehe na mahali. Fanya hivyo siku tano mfululizo. Mara nyingi utagundua kwamba wageni wa banda lako ni zaidi ya mmoja, na kwamba yule uliyemshuku siye aliyekuja usiku ule kuku alipokufa.

Njia hii ina faida nyingine kubwa kwetu. Katika eneo lenye watu wenye silaha, kutembea na tochi usiku vichakani ni kujitafutia risasi. Na mahali palipopiganwa pana mabomu ambayo hayajalipuka. Usimfuate mnyama hadi kwenye shimo lake, usiingize fimbo shimoni, usiache njia inayopitwa na watu kila siku. Majivu yanamleta mnyama mlangoni kwako. Huna haja ya kumfuata.

Tahadhari moja zaidi: mnyama wa porini anayekuja mchana bila woga, anayeyumba au kushambulia ovyo, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimguse hata akiwa mfu. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asingoje dalili, kwa maana zikishatokea ugonjwa huo hauponi.

Hesabu ya panya

Sasa tumweke kicheche kwenye mizani. Upande mmoja kuna vifaranga na mayai anayoweza kuiba. Upande wa pili kuna panya.

Panya wa shamba anayesumbua zaidi Afrika ya Mashariki na ya Kati ni yule mwenye chuchu nyingi, ambaye jike lake linaweza kuwa nazo hata 24. Mimba yake ni ya siku 23 hivi, na kuzaa watoto kumi kwa mara moja ni jambo la kawaida. Mvua ikinyesha vizuri na chakula kikiwa tele, panya hao huongezeka kwa kasi ya kutisha. Nchini Tanzania, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro kimewachunguza kwa miaka mingi, watafiti walikadiria kwamba panya huharibu kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi kila mwaka. Mwaka wa mlipuko, shamba zima linaweza kuchimbuliwa mbegu kabla hazijaota.

Mkulima wa Shasha haitaji chuo kumweleza. Anajua maana ya kupanda maharagwe mara mbili katika msimu mmoja. Anajua pia kwamba shamba lililoachwa na watu waliokimbia vita hujaa majani, na majani hayo ni nyumba ya panya.

Tufanye hesabu ndogo. Kicheche mwembamba akikamata panya mmoja tu kwa usiku, kwa mwezi ni panya 30. Tuseme nusu yao ni majike. Hao ni majike 15 ambao hawatazaa tena kando ya ghala lako, kila mmoja watoto kumi kwa uzazi. Hakuna anayesema kicheche peke yake atamaliza panya; hakuna mnyama anayewamaliza. Lakini kazi hiyo anaifanya bila mshahara, na usiku, wakati wewe umelala.

Waingereza waliua wa kwao

Hili la kumwua mla panya kwa sababu ya kuku halikuanzia Kivu. Uingereza inaye kicheche wake, wa rangi ya kahawia iliyoiva, mwenye kitambaa cheusi machoni kama mwizi wa kwenye filamu. Naye hunuka anapotishwa.

Katika karne ya 19, matajiri wa huko walikuwa na mashamba makubwa ya kufugia ndege wa kuwindwa, jamaa wa kuku. Waliajiri walinzi, na kazi mojawapo ya walinzi hao ilikuwa kuua kila mnyama anayekula ndege au mayai. Walitumia mitego ya chuma yenye meno, bunduki na sumu. Kufikia mwaka 1915 hivi, mnyama ambaye zamani alionekana karibu kila mahali katika kisiwa kile alikuwa amebaki hasa katika milima ya Wales na sehemu chache za jirani.

Kilichomwokoa kwanza ni vita vya watu. Kuanzia 1914 walinzi wengi walichukuliwa jeshini, na baada ya vita mashamba mengi ya kuwindia hayakurudi kama zamani. Mitego ya chuma yenye meno ikapigwa marufuku mwaka 1958. Sheria ya mwaka 1981 ikampa mnyama huyo ulinzi wa kiasi. Pole pole akashuka kutoka Wales kuelekea mashariki na kusini.

Watu walijuaje kwamba amerudi? Mnyama wa usiku anayejificha haonekani kwa urahisi. Shirika moja la huko, Vincent Wildlife Trust, likawaomba wananchi wa kawaida kutuma habari: nimemwona wapi, tarehe gani, picha iko hapa. Habari nyingi zilihusu vicheche waliogongwa na magari. Dereva, mkulima, mtu anayetembeza mbwa wake, kila mmoja akawa jicho. Katika uchunguzi wa mwaka 2014 na 2015, ramani ilionyesha kwamba kicheche ameenea tena katika sehemu kubwa ya Wales na ya kati na kusini mwa England.

Hadithi hiyo ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini watafiti walipochunguza maini ya vicheche 68 waliokusanywa wakiwa wamekufa katika miaka ya karibuni, 54 kati yao, yaani karibu 8 kwa kila 10, walikuwa na dawa ya panya mwilini. Hawakuwa wamewekewa wao. Walikuwa wamekula panya walioila.

Sumu haina macho

Hapo ndipo habari ya Uingereza inapokutana na soko la kwetu.

Dawa za panya zinazotumika sana duniani ni zile zinazozuia damu kuganda. Panya akiila hafi papo hapo. Anaendelea kutembea kwa siku kadhaa huku akidhoofika, akiyumba, akitoka hata mchana. Huyo ndiye panya rahisi zaidi kukamatwa. Paka wako atamchukua. Bundi atamchukua. Kicheche atamchukua. Dawa inabaki kwenye ini la aliyemla, na baadhi ya aina zake hukaa humo kwa miezi. Akila panya wengine wa namna hiyo, kipimo kinaongezeka mpaka naye anavuja damu ndani kwa ndani.

Matokeo yake mkulima anayaona bila kujua sababu. Wanaokula panya wanakufa, na wao huzaa taratibu: kicheche jike huzaa mtoto mmoja hadi watatu tu kwa kawaida. Panya waliobaki wanazaa kumi kumi. Baada ya misimu michache panya ni wengi kuliko mwanzo, na mtu anarudi sokoni kununua dawa zaidi.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Dawa nyingine huuzwa kwa vipimo vidogo bila maandishi yoyote, na mnunuzi hajui kilichomo. Sumu za wadudu za shambani nazo hutumiwa kutegea wanyama, na baadhi yake kiasi kidogo tu kinatosha kuua mtu. Samaki mwenye sumu aliyewekwa nyuma ya nyumba hamchagui mlaji. Mtoto wa miaka miwili hajui kwamba sambaza ile ni ya mnyama. Kuku mwenyewe, yule tuliyetaka kumlinda, atadonoa makombo.

Banda ndilo dawa

Njia inayofanya kazi ni ya zamani na haina siri: usiku kuku walale mahali ambapo mnyama hawezi kuingia.

Banda liinuliwe kwenye nguzo, juu kama kimo cha kiuno cha mtu mzima. Kila nguzo izungushiwe kipande cha bati kuukuu, kwa sababu kucha hazishiki kwenye bati. Kwa bati la galoni moja la mafuta lililokatwa na kunyooshwa unaweza kufunika zaidi ya nguzo moja. Banda lisiegemee mti wala ukuta, kwa maana kanu atapita juu.

Kuta za mianzi au fito zizibwe vizuri. Kumbuka kipimo hiki: tundu linalopitisha yai linaweza kumpitisha kicheche mwembamba. Pita na yai mkononi kuzunguka banda lote, na kila linapoingia, ziba. Mlango uwe na komeo, si jiwe la kuegemeza. Mnyama mdogo ana usiku mzima wa kulisukuma jiwe.

Mayai yaokotwe kila jioni. Vifaranga wa wiki za kwanza walale ndani ya nyumba chini ya kikapu kizito. Majani yafyekwe hatua kumi kuzunguka banda, kwani wanyama hawa hawapendi kuvuka mahali peupe. Chakula cha kuku kisibaki chini usiku, kwa sababu kinavuta panya, na panya ndio wanaomvuta kicheche. Mara nyingi yeye anakuja bandani kwa ajili yao.

Kwa ghala, mbegu ziwekwe kwenye pipa au bidoni lenye kifuniko. Paka na mbwa wa nyumbani husaidia pia: utafiti uliofanywa Eswatini ulionyesha kwamba panya hupunguza kula karibu na nyumba zenye paka na mbwa pamoja, kwa sababu ya woga tu. Lakini faida hiyo haiwezi kukaa nyumba moja na sumu, maana paka ndiye wa kwanza kuuawa nayo.

Macho ya barabarani

Mkoa huu unajulikana duniani kwa gorila wa milimani. Wanahesabiwa kundi kwa kundi, wengi wana majina, na hesabu ya mwisho katika Virunga na Bwindi ilifika 1,063. Kicheche hana jina wala mlinzi mwenye sare. Anaishi nje ya mbuga, katika shamba la mtu, na hatima yake iko mikononi mwa mwenye shamba.

Waendesha pikipiki wa Sake na Minova, wasukuma chukudu, akina mama wanaoshuka sokoni alfajiri, hao ndio wanaoona kinachopita barabarani na kinachogongwa. Ukimkuta mnyama mdogo mweusi mwenye mistari minne myeupe amelala kando ya lami, mpige picha bila kumgusa, andika tarehe na jina la mahali. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuwa na daftari moja darasani ambamo watoto wanaandika walichoona. Huko Lwiro, Kivu ya Kusini, kuna kituo cha utafiti wa sayansi asilia, na daftari kama hilo lina faida kwa watafiti wa namna hiyo kuliko hadithi isiyo na tarehe.

Lakini faida ya kwanza ni ya nyumbani. Usiku wa leo mtu fulani kando ya ziwa atasikia kuku wakipiga kelele. Kesho asubuhi, kabla ya kutafuta fimbo na kabla ya kutuma mtoto dukani kununua dawa, achukue majivu ya jikoni na asawazishe udongo mbele ya mlango. Keshokutwa atajua jina la mgeni wake. Akikuta vidole vitano na kucha ndefu, azibe tundu, amwache aende zake shambani. Huko kuna panya wanamngoja.